Saa Kumi na Mbili ya Jumapili

Bukavu, Kadutu
9 Februari 1976

Mdogo wangu Kulthumu,

Salaam alaykum kutoka kwetu sote wa mlimani. Sisi ni wazima, tunamshukuru Mungu. Magoti ya Mama bado yanamsumbua, kwa hiyo hashuki tena sokoni, anamtuma kila mtu anayepita mlangoni, hata watu asiowajua. Mume wangu Nasoro anauza vitenge vyake na kulalamika kama kawaida. Mvua imeuangusha ukuta wa choo cha jirani yetu Maman Nsimire, sasa familia yake nzima inatumia chetu. Msalimu shemeji Almasi, umwambie ndagala, vile visamaki vikavu alivyoagiza, nimeshampa rafiki yake wa uwanja wa ndege.

Sasa jambo langu. Jumatano iliyopita nilikuwa napepeta mchele uani. Maman Nsimire akaja anakimbia, kitenge kinamvuka kiunoni: "Maman Mwanvita, hauyue kama mudogo yako iko nasema mu radio ya Kinshasa?" Nikamcheka. Nikamwambia mdogo wangu ana kazi ya kupiga mashine ya kuandika ofisini, aende akasafishe masikio. Akanishika mkono mpaka kwake. Redio ilikuwa dirishani, na sauti ilikuwa yako.

Kulthumu, soko zima la Kadutu lilijua kabla yangu. Wauza maharagwe walijua. Mimi, mtangazaji wa redio ya Bukavu, sauti ya "Tusalimiane" kwa mwaka wa nane sasa, nimeambiwa na mtu aliyetoka chooni kwangu.

Wewe umeisikiliza "Tusalimiane" tangu ukivaa sare ya shule. Unajua nimeijenga vipi. Jumapili saa kumi na mbili jioni, watu wametoka kutembeleana, moto umewashwa, sufuria iko juu. Hapo ndipo naanza kusoma salamu, na sisomi jina tupu. Nasema mtaa, nasema mlima, nasema na jina la utani: fundi viatu wa Nyalukemba anayevaa kofia mbili, mama wa Walungu mwenye mapacha. Nasoma mengi mpaka pumzi inakata. Mtu hafungui redio kumsikia Mwanvita, anafungua kusikia kama ametajwa, na kama hakutajwa, ajue nani amemsahau ili amnunie wiki nzima. Kazi hii sikuisoma shule yoyote.

Sina wivu. Nauliza tu kwa nini umenificha.

Dada yako,
Mwanvita

*

Kinshasa, Kintambo
21 Machi 1976

Yaya Mwanvita,

Dada yangu mkubwa, barua yako imekaa njiani kwa sababu aliyeibeba alipita kwanza Kisangani kwa shemeji zake. Nimeipokea leo na ninajibu leo. Hatujambo. Joto la huku linanimaliza, nalala na kitambaa kibichi usoni. Almasi amepandishwa cheo pale uwanja wa ndege, sasa ana meza yake, bado hana kiti. Anasema asante kwa ndagala. Mama anatumia ile dawa ya kuchua niliyomletea? Anakula vizuri? Nieleze zaidi habari zake, Yaya, mstari mmoja haunitoshi.

Sikukuficha kwa ubaya. Nilipiga mashine kweli, katika ofisi ya idhaa ya Kiswahili. Mtangazaji mmoja akaugua, mkuu akapita akiuliza nani anajua Kiswahili cha kwao, si cha kitabuni. Wote wakanitazama mimi. Nilisema nitasoma siku moja tu, ndiyo maana sikuandika. Siku moja ikawa mbili, halafu nikaona haya kukuandikia, nikijua utaonaje.

Na usidhani ni raha. Kipindi changu cha salamu kinaitwa "Jioni ya Zaïre", na hakuna anayeniletea salamu. Huku mjini watu wanaongea Lingala. Wanaojua Kiswahili wako huko kwenu, na wao wanakuandikia wewe. Wiki iliyopita nilijitungia salamu mbili mwenyewe ili nisikae kimya. Mkuu anasema hali hii ikiendelea, narudi kwenye mashine.

Nifundishe, Yaya. Watu wa Kivu wanataka nini? Wewe ndiye unayewajua.

Mdogo wako,
Kulthumu

*

Bukavu, Kadutu
2 Mei 1976

Mdogo wangu Kulthumu,

Salaam nyingi. Sisi ni wazima. Maman Nsimire amejenga ukuta mpya, ni wa mabati, upepo ukivuma hatulali. Mama hajambo.

Umeniuliza watu wa Kivu wanataka nini. Kwa kuwa wewe ni damu yangu, nitakueleza.

Kwanza, usisome majina mengi. Majina yanachosha. Soma manne, matano, basi. Pili, usitaje mtaa wala mlima, wasikilizaji hawapendi mambo yao yaanikwe. Jina tupu linatosha. Tatu, weka nyimbo ndefu, uziache ziishe zenyewe. Nne, ongea polepole, kwa sauti ya heshima, kama mtu anayesoma taarifa ya serikali. Usicheke. Mtangazaji anayecheka hadharauliwi siku hiyohiyo, lakini mwisho wake ni huo.

Fanya hivyo na utaniambia.

Mama amekusikia mara moja, nadhani. Hakusema kitu.

Dada yako anayekutakia mema,
Mwanvita

*

Kinshasa, Kintambo
4 Julai 1976

Yaya wangu, mwalimu wangu,

Mungu akulipe! Naandika nikiwa nimesimama, nimeshindwa kukaa. Almasi amepata kiti kazini, mimi hata cha nyumbani sikikalii. Hatujambo sote. Nimempa msafiri mmoja kitenge cha Mama, cha rangi ya zambarau, Mama mwenyewe aniambie kama amekipenda.

Nilifanya ulivyonielekeza. Nikatangaza: kila wiki nitasoma majina matano tu. Yaya, watu wamepagawa! Kumbe mtu akijua nafasi ni tano, anaitafuta kwa nguvu zote. Barua zinatoka Uvira, Goma, Kindu, Lubumbashi, hata Walungu. Mfanyabiashara mmoja wa Uvira ameandika mara kumi na bado sijamsoma, sasa ananitukana kwa heshima kubwa. Na kwa kuwa sitaji mtaa, kila mwenye jina lile anasema ni yeye aliyesalimiwa. Kwenye mji mmoja wanaume wawili waligombana kwa sababu hiyo, mkuu alicheka mpaka akatoa miwani. Na ile sauti ya heshima! Wanasema mtu akisalimiwa na "Jioni ya Zaïre", amesalimiwa na taifa.

Mkuu ameamua kipindi kihame Jumatano kiende Jumapili, na stesheni za mikoa zitupokee moja kwa moja. Akaniuliza saa gani inafaa kwa watu wa kwetu. Hapo nilikukumbuka wewe kwanza. Nikamwambia saa kumi na moja jioni, tena nikamsisitizia, ili niwe nimekwisha kabla ya "Tusalimiane" ya saa kumi na mbili. Watu watanisikiliza mimi, halafu watakusikiliza wewe. Dada wawili, mmoja baada ya mwingine.

Haya yote yametokana na ushauri wako.

Kulthumu

*

Bukavu, Kadutu
25 Julai 1976

Kulthumu,

Salaam. Nasoro ana mafua. Kitenge kimefika.

Saa kumi na moja ya Kinshasa ni saa kumi na mbili ya Bukavu! Jua linatoka kwetu kwanza, au huko umelisahau hata jua? Umezaliwa hapa, umekulia hapa, umepanda ndege kwenda huko na ulipofika wakakuambia urudishe saa yako nyuma. Mkono wako mwenyewe ndio ulioirudisha. Sasa unaniambia ulitaka kuiachia nafasi saa yangu. Muambie hivyo asiyekujua.

Citoyen Bisimwa, mkurugenzi wetu, aliniita ofisini. Hakuniangalia usoni. Alisema: "Citoyenne, kuanzia dimanche tutakuwa na-prendre Kinshasa saa kumi na mbili. Mambo imetoka kule juu, mimi siko na kitu ya kufanya." Yaani Jumapili saa yangu ni ya Kinshasa. Nikamuuliza, na "Tusalimiane"? Akasema itaenda Jumanne saa saba mchana. Jumanne saa saba, Kulthumu! Wanawake wako sokoni, wanaume wako kazini, watoto wako shule. Nani anasikiliza redio? Wagonjwa na kuku. Tena ameniambia kama karatasi za salamu hazitafika za kutosha mpaka mwisho wa mwaka, atakifunga kipindi kabisa na kuweka nyimbo za chama.

Jumanne ya kwanza niliufungua mfuko, mlikuwa na karatasi moja. Ilikuwa ya fundi viatu wa Nyalukemba. Nilipoisoma hewani nikaona anauliza anuani yako.

Unataka niseme? Nasema. Nina wivu. Ninao mpaka chakula hakipiti. Nikipita sokoni wananiita "dada ya Kulthumu." Mimi! Miaka yote wewe ulikuwa mdogo wa Mwanvita, na leo jina langu limekuwa mkia wa jina lako.

Nao haukuanza leo. Mama yako mzazi, mdogo wake Mama, alipokufa akikuzaa, Mama yangu alikuleta nyumbani umefungwa kwenye kanga, na usiku uleule nilihamishwa kitandani kwake nikapelekwa mkekani kwa bibi. Nilikuwa mtoto wa miaka sita. Hakuna aliyenieleza. Niliambiwa tu nisogee, na tangu siku hiyo nasogea. Sasa nimesogezwa mpaka Jumanne.

Na Mama, kwa kuwa unapenda kuuliza habari zake, hizi hapa. Kila Jumapili anataka redio iwekwe miguuni kwake kabla ya wakati. Ukianza kusema, mtu akikohoa anafukuzwa. Hata Nasoro na mafua yake alitolewa nje. Juzi aliniita: "Mwanvita, leta bic na karatasi, uniandikie salamu ya Kulthumu, asome mu radio." Mimi! Nimuandikie! Miaka minane nimesoma salamu za mkoa mzima, na Mama hajawahi kuleta salamu moja kwa ajili yangu. Hata moja. Ya kwako nimeiandika, kwa mkono huu huu. Iko kabatini. Sikuipeleka posta na sitaipeleka.

Nenda kwa mkuu wako, umwambie akiondoe kipindi chako kwenye saa yangu. Kama huwezi, usiniandikie.

Mwanvita

*

Kinshasa, Kintambo
28 Septemba 1976

Yaya Mwanvita,

Idi njema kwenu nyote. Sisi tulifuturu mwezi mzima na majirani wa Kimaniema, wakarimu sana, lakini hawajui kupika maharagwe. Nasoro amepona? Nilichelewa kujibu kwa makusudi. Barua yako niliisoma, nikaifunga, nikangoja Ramadhani ipite nisije nikaandika nikiwa na hasira ndani ya funga.

Kuhusu saa, nilikosea. Naapa. Nimeishi huku mwaka mzima na kichwani mwangu bado ni saa ya Bukavu. Nikisema saa kumi na mbili naona moto wenu umewashwa. Nilimtajia mkuu saa kumi na moja na sikuona kosa mpaka barua yako ilipofika. Kuamini au kutoamini ni juu yako.

Kuhusu ushauri wako, usidhani sikujua. Nimeisikiliza "Tusalimiane" tangu sare ya shule, wewe mwenyewe umeandika. Nilijua unavyosoma, na nilijua ulichoniandikia ni kinyume chake, mstari kwa mstari. Hata kule kunikataza kucheka, wewe ambaye hucheka mpaka sindano ya mtambo inaruka. Nilikaa na ile barua nikalia. Halafu nikafanya ulivyosema, kila kitu, nikijiambia nikianguka na nianguke, angalau nitakuandikia kwamba nilikutii. Sikuanguka. Si kosa langu.

Sasa nisikilize. Unasema Mama hajawahi kukuletea salamu. Yaya, wewe uliyesoma salamu miaka minane, umewahi kuona mtu anampelekea salamu ya redio mtu anayekula naye sahani moja? Salamu ni za aliye mbali. Unaliishi jambo hili kila Jumapili na hujaliona likikuhusu. Katika barua yako ya matusi nimeona Mama anakuita, Mama anakutuma, Mama anataka redio, Mama amemfukuza Nasoro. Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi kuliko matusi. Unaniambia umehamishwa kitandani kwake. Mimi nimehamishwa mji. Wewe una wivu na sauti yangu, mimi nina wivu na goti lake unalolichua jioni, na hata ukijua hivyo huwezi kunipa.

Basi, chukua saa yako. Nilikwenda kwa mkuu. Nilimwambia sitaki tena kusoma. Alidhani nimepata wazimu, au mimba. Alikasirika, akakifunga kipindi, hakuna mwingine wa kukisoma. Stesheni za mikoa zitarudishiwa Jumapili yao. Mimi nimewekwa chumba cha nyuma, natafsiri taarifa kutoka Kifaransa na watu wengine wanazisoma. Sauti yangu haitakusumbua tena.

Sitaki asante. Mchue Mama.

Kulthumu

*

Bukavu, Kadutu
14 Desemba 1976

Mdogo wangu Kulthumu,

Salaam alaykum. Nasoro amepona zamani. Mabati ya Maman Nsimire yamekwenda na upepo, wamerudi kwetu. Idi ya kuchinja tulichinja mbuzi mdogo, Mama alikula ini lote peke yake.

Nimeanza barua hii mara nyingi na kuichana. Nitaandika kama ilivyotokea.

Saa ilirudi. Citoyen Bisimwa aliniita tena, safari hii aliniangalia usoni, akacheka, akasema watu wamelalamika Jumapili imekuwa bubu. Siku ya kwanza karatasi zilijaa mfuko na nyingine zikawa chini. Nilisoma, Kulthumu, nilisoma mpaka nikaona nyota. Walungu yote nilisoma. Nilicheka hewani ovyo. Nilifurahi, sitakudanganya. Nilitoka pale stesheni nikijiona mrefu, kila dirisha nililopita watu wakiniita, "Maman Tusalimiane!" Nilisema moyoni: sasa Mama amenisikia, leo na yeye atasema kitu.

Nilimkuta uani. Redio ilikuwa mapajani kwake, ameinama juu yake, anageuza polepole kile kifungo cha kutafutia stesheni. Redio ilikuwa inakoroma tu. Nasoro alikuwa mlangoni, akanivuta pembeni. "Tangu saa kumi na mbili iko nageuza ile kitu. Mimi nilimuambia, Mama, Mwanvita iko nasema hapa hapa kwetu, acha tusikie. Akanijibu: Mwanvita atakuya hapa nyumbani kukula. Niko natafuta ule asiyekuya."

Niliingia ndani nikakaa gizani na viatu miguuni.

Nilidhani ni siku moja. Lakini Jumapili iliyofuata ilikuwa hivyo hivyo, na iliyofuata pia. Nilimwambia Kinshasa wamekiondoa kipindi, akanitikisia kichwa kama mtu anayeelewa, na nilipogeuka akarudia kifungo. Nilibadilisha betri, kwa sababu aliniambia betri ndizo zimekuficha. Nilimwambia unafanya kazi chumba cha nyuma. Akaniuliza umekosa nini mpaka wakuweke nyuma.

Nimeanza kumwelewa, na haijanifurahisha. Nina wivu bado. Ulimwengu mzima unanisikiliza Jumapili saa kumi na mbili isipokuwa mtu mmoja, na mtu huyo anakutafuta wewe. Naandika haya na meno yangu yameumana. Usidhani nimekuwa malaika.

Lakini jana nilikwenda kwa Bisimwa. Nimemwambia anihamishie "Tusalimiane" Jumamosi, au siku yoyote anayotaka, mimi watu wangu watanifuata. Amekubali. Jumapili saa kumi na mbili iko wazi. Nenda kwa mkuu wako, mlilie, muombe, mwambie ulikuwa mgonjwa, mwambie shemeji Almasi alikukataza, mtaje yeyote. Kipindi kikirudi, usibadilishe saa. Iwe saa kumi na moja ya kwenu. Na salamu ya Mama nimeipeleka posta leo asubuhi, nimeiweka sandukuni kwa mkono wangu mwenyewe. Isome ya kwanza.

Usikawie, Kulthumu. Mwanzoni alikuwa anaanza kugeuza kifungo saa kumi na mbili. Jumapili iliyopita alianza kabla ya adhuhuri.

Yaya wako,
Mwanvita